Mgeni Mjini: Maneno kwa Vijana Waendao Kusoma Dar es Salaam, na kwa Wazazi Wao

Kila mwaka mwezi wa Oktoba ukifika, mvua zikiwa bado kuanza, twaona katika vijiji vyetu vya Songea jambo ambalo zamani lilikuwa nadra sana. Kijana wa kiume au wa kike amepata nafasi katika chuo cha Dar es Salaam. Wazazi wake wameuza magunia ya mahindi, shangazi na wajomba wamechanga, godoro limefungwa kwa kamba, na sanduku jipya limenunuliwa. Alfajiri ukoo mzima wasimama penye kituo cha basi, na kila mtu ana neno lake la kumpa msafiri. Huyu asema, "Soma kwa bidii." Huyu asema, "Jihadhari na makundi mabaya." Na mama asema, "Usitusahau." Kisha basi laondoka kwenda Njombe na Iringa na Morogoro, na watu warudi nyumbani wakipangusa machozi.

Maneno hayo yote ni mema, wala siyalaumu. Walakini katika miaka yote niliyosimama pale kituoni sikusikia hata mara moja mzee akimwambia kijana wake, "Ukiugua usiku, mlango wa kubisha ni huu." Hatusemi hivyo kwa kuwa sisi wenyewe hatuujui mlango. Nami pia nilikuwa hivyo, mpaka yalipotufika yaliyotufika.

Nataka kuwasimulieni habari ya mwana wa ndugu yangu. Mwenyewe ameniruhusu kuiandika ili wengine wapate faida. Kijana huyu alikwenda kusoma katika chuo kimoja cha mji ule. Mabweni yalikuwa yamejaa, akapanga chumba katika mtaa ulio karibu. Juma la tatu akashikwa na homa. Siku ya kwanza alidhani ni uchovu. Siku ya pili akanunua vidonge viwili dukani. Siku ya tatu hakuweza kuinuka. Wanafunzi wenzake hawakujua anakokaa. Simu alikuwa nayo, lakini hakutaka kumtia mama yake hofu. Fedha yake ilikuwa shilingi 11,000 tu, naye aliiweka kwa chakula mpaka fedha ya mkopo itakapotoka. Hospitali aliyoijua kwa jina ilikuwa moja, nayo ni Muhimbili, akadhani kwamba kila mgonjwa wa Dar es Salaam hana budi kufika huko.

Siku ya tano, mama mmoja akaangaye maandazi penye kona ya nyumba ile aliona kwamba yule kijana mwanafunzi hapiti tena asubuhi. Akaenda kubisha, asijibiwe. Akasukuma mlango, akamkuta anaweweseka. Yeye na mwanawe wakampakia katika bajaji, wakampeleka kituo cha afya. Kituo hicho kilikuwa mwendo wa dakika kumi tu kwa miguu kutoka chumbani pake. Ilikuwa malaria kali. Alilazwa siku sita. Mganga aliniambia kwamba kama angalichelewa siku moja zaidi, huenda tungalikuja kuchukua maiti.

Nilipofika nilimkuta amekonda sana, ila akili zake zimerudi. Nikamwuliza, "Mwanangu, kituo hiki hukukiona?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Baba mdogo, nilikipita kila siku. Nilidhani ni cha wenyeji."

Neno hilo nimelifikiri siku nyingi. Kijana huyu alifaulu mitihani yote ya sekondari. Alijua hesabu ambazo mimi siwezi hata kuzisoma. Lakini hakujua kwamba kituo cha afya cha mtaa ule ni chake pia. Hapa kijijini hakuna mtu ahitajiye kuambiwa zahanati iko wapi, amezaliwa anaijua. Mjini mambo ni mbali. Msaada uko, na pengine ni mwingi kuliko huku kwetu, lakini kila msaada una mlango wake, na saa zake, na karatasi zake, wala hautoki nje kumtafuta mgeni. Mgeni naye huona haya kuuliza, asije akachekwa. Wazee wetu walisema kwamba kuuliza si ujinga, lakini kijana wa chuo ndiye azidiye kuogopa kuonekana mjinga, maana amepelekwa mjini kwa sababu ya akili zake.

Tangu mwaka ule tumefanya shauri. Kabla vijana hawajaondoka, twaketi nao jioni moja pamoja na mtu aliyekwisha kukaa Dar es Salaam, tukawaeleza milango ya mji. Nao twawaagiza jambo moja: juma la kwanza waende kwa miguu yao mpaka kila mlango huo, wakati hawana haja nao, wakauone mchana wakiwa wazima. Mtu mwenye homa si mtu wa kutafuta njia. Haya basi, nitayaandika hapa yale tuwaambiayo, ili na wazazi walio mbali wayapate.

Yafaa kwanza kuujua mji wenyewe. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Una wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Vyuo vyake vimetawanyika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, nacho sasa kiko Mlimani, yapata kilometa 13 kutoka katikati ya mji. Chuo cha tiba cha Muhimbili kiko Upanga. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kiko Chang'ombe, Chuo cha Usafirishaji kiko Mabibo, na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kiko ng'ambo ya maji, Kigamboni. Kwa hiyo maneno ya jirani yako, ambaye mwanawe yuko Kigamboni, huenda yasimfae mwanao aliye Mlimani. Kila mmoja aanze na mahali pake mwenyewe.

Tena tujihadhari na ujuzi wetu uliochakaa. Mzee mmoja wa hapa alimwambia binti yake, "Utashuka Ubungo, mwisho wa safari." Alisema kweli ya siku zake. Lakini tangu mwaka 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kiko Mbezi, kando ya barabara ya Morogoro. Binti alipofika usiku na kuambiwa ashuke, alikataa, akidhani anadanganywa. Vivyo hivyo, tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma, na wazee wengi hawaijui. Tuseme tunayoyajua, lakini tuongeze neno hili: "Ukifika, uliza tena."

Mlango wa kwanza ni wa ugonjwa. Kijana aulize siku ya kwanza kabisa kama chuo chake kina kituo cha afya, nacho hufunguliwa saa ngapi, na usiku mtu huenda wapi. Kisha aijue zahanati au kituo cha afya cha mtaa anakolala. Matibabu ya serikali yamepangwa kama ngazi. Chini ni zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Juu yake ziko hospitali za rufaa za mkoa, nazo katika Dar es Salaam ni Amana, Mwananyamala na Temeke. Juu kabisa ndiyo Muhimbili. Mgonjwa wa kawaida huanza chini, naye akizidiwa hupewa barua ya kumpeleka juu. Lakini aliyepatwa na hatari ya ghafula apelekwe palipo karibu, mambo mengine yatafuata. Mwenye kadi ya bima asiifungie sandukuni, ila atembee nayo, tena aulize mapema ni hospitali zipi ziipokeazo. Na mwenye homa asinunue vidonge kwa kubahatisha. Apimwe damu kwanza, maana homa zafanana, na dawa zake si moja.

Mlango wa pili ni wa serikali ya mtaa. Hili vijana wengi hawalijui kabisa. Akaaye katika bweni la chuo ana msimamizi wake, lakini vyuo vingi havina vitanda vya kuwatosha wote, na wengi hupanga. Apangaye chumba ni mkazi wa mtaa, naye yampasa aende ofisi ya serikali ya mtaa, ajulikane kwa mwenyekiti na kwa mtendaji. Hapo ndipo atakapopata barua ya utambulisho siku atakapoihitaji, na hapo ndipo penye msaada wa kwanza akigombana na mwenye nyumba. Kijana asiyejulikana na mtu ye yote mtaani hana shahidi.

Katika habari ya kupanga, asikilize vema. Dalali hutaka malipo yake, na mara nyingi huwa ni kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba naye aghalabu hutaka kodi ya miezi mingi kwa mara moja. Basi kijana asitoe fedha kabla ya kukiona chumba kwa macho yake, na kumwona mwenye nyumba mwenyewe. Mapatano yaandikwe, mbele ya shahidi, na stakabadhi itolewe. Aulize habari za maji, tena aulize umeme hugawanywaje, kwa maana nyumba nyingi zina mita moja ya LUKU kwa wapangaji wote, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Mlango wa tatu ni polisi. Huku kwetu watu huogopa hata kupita mbele ya kituo cha polisi, na watoto wetu huchukua hofu hiyo pamoja na sanduku. Walakini aliyeibiwa vyeti au kitambulisho hana budi kupata hati ya kupotelewa ndipo apate vingine, na hati hiyo hutoka polisi. Aliyepigwa au kuumizwa hupewa fomu ya polisi namba 3, ambayo wengi huiita PF3, aende nayo hospitali. Katika vituo vingi pia kuna dawati la jinsia na watoto, lililowekwa kwa ajili ya waliodhulumiwa kwa mambo ya aibu, ambayo ni vigumu kuyasema mbele ya watu. Namba ya polisi kwa dharura ni 112, na ya zimamoto ni 114. Ziandikwe pia katika karatasi, maana simu ndiyo huibiwa kwanza.

Hapa nina neno la kuwaambia wazazi wa mabinti, nalo haifai kulificha. Huenda akatokea mtu mwenye mamlaka, akamtaka msichana mwili wake kwa ajili ya alama za mtihani. Wasichana wengi hunyamaza, wakidhani kwamba ni aibu yao. Si aibu yao. Sheria ya mwaka 2007 ya kupambana na rushwa imelitaja tendo hilo kuwa kosa, na TAKUKURU hupokea mashtaka yake kwa namba 113. Mama mwenye hekima atamweleza binti yake jambo hili kabla ya safari, kwa upole na bila kumtisha, tena atamwambia, "Likikupata, nitakusadiki." Binti ajuaye kwamba mama yake atamsadiki hatanyamaza.

Mlango wa nne ni wa fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na wengi wa vijana wetu hawangaliweza kusoma bila hiyo. Lakini fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi wenyewe huiita "boom", haiji siku kijana atakapo, na siku za kwanza huweza kukawia. Kwa hiyo asiondoke nyumbani akiwa na nauli tu. Akifika, atafute ofisi ya mikopo ya chuo chake, ajue ni lini na wapi kutia sahihi, maana asiyetia sahihi kwa wakati hukaa bila fedha hali wenzake wamekwisha kupata. Ikitoka, asiile yote kwa juma moja. Kwanza aitenge kodi na nauli, kisha chakula.

Pamoja na fedha twende na simu, maana wezi wa siku hizi hawavunji mlango. Kijana hupata ujumbe usemao, "Ile fedha itume kwa namba hii." Au mtu humpigia, akajifanya ofisa wa chuo au wa mkopo, akamtaka namba yake ya siri. Wazazi nao hupigiwa simu na kuambiwa kwamba mtoto wao amelazwa, fedha yatakiwa sasa hivi. Msitume. Kateni simu hiyo, mkampigie mtoto mwenyewe, au rafiki yake mnayemjua. Ujumbe wa utapeli hupelekwa kwa namba 15040. Na mtu akibonyeza *106# ataona ni namba ngapi zilizoandikishwa kwa kitambulisho chake, asije akawa mwenye dhambi ya mwingine.

Mlango wa tano ni wa kusafiri mjini. Daladala huandikwa mbele mahali itokako na mahali iendako, na nauli zake hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, wala si na kondakta. Mwezi wa Mei 2016 yalianza mabasi yaendayo haraka, ambayo watu huyaita mwendokasi. Yamepewa barabara yake peke yake, na nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda. Njia ya kwanza ilitoka Kimara mpaka Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco. Kwenda Kigamboni mtu huvuka kwa pantoni pale Magogoni, au hupita daraja lililofunguliwa mwaka huo huo wa 2016. Kijana aende njia ya chuoni mara moja kabla ya siku ya masomo, apime muda wake, maana msongamano wa magari asubuhi waweza kumla mtu saa mbili. Apandaye bodaboda avae kofia ngumu. Vijana wengi wenye mifupa iliyovunjika waliona haya kuidai.

Mlango wa sita ni maktaba. Mtoto aliyekulia katika nyumba yenye kibatari hajui thamani ya meza tulivu na taa mpaka aipate. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa maktaba mpya mwaka 2018, yenye nafasi za watu 2,100. Na katikati ya mji, katika barabara ya Bibi Titi Mohamed, iko Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, nayo si ya chuo kimoja bali ya watu wote. Apangaye chumba chenye kelele za redio za jirani asikate tamaa. Ana nyumba ya pili, naye aende akaitumie.

Labda msomaji atasema, "Milango yote hiyo, nani atamwonyesha?" Vyuo vingi huwa na juma la kuwakaribisha wageni, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na uongozi wa wanafunzi wenyewe. Kijana asilikose juma hilo kwa kudhani kwamba ni la michezo tu. Lakini mwonyeshaji aliye bora kupita wote ni yule aliyetoka kijiji kimoja naye mwaka uliotangulia, maana bado akumbuka alivyokuwa mgeni, tena hatamcheka. Na watu wengine wa msaada hawaonekani wakubwa. Mama wa maandazi hakuwa na ofisi wala cheo, naye ndiye aliyemwokoa mwana wetu. Kwa hiyo kijana awasalimu majirani asubuhi na jioni kama tulivyomfunza nyumbani, wala asidhani kwamba mjini salamu haina kazi. Aliyesalimiwa kila siku ndiye atakayeuliza, "Leo yuko wapi?"

Nanyi wazazi, kazi yenu ni ndogo, lakini msiiache. Jioni ya kabla ya safari chukueni karatasi moja. Andikeni juu yake jina la mtu mmoja wa nyumbani aishiye mjini, pamoja na namba yake. Acheni nafasi tupu kwa ajili ya kituo cha afya, ofisi ya mtaa, kituo cha polisi, ofisi ya mikopo na jirani mmoja. Mwambieni kijana wenu azijaze nafasi hizo katika juma la kwanza, kisha awasomee kwa simu. Nafasi iliyobaki tupu mwulizeni tena juma la pili. Na mwambieni wazi kwamba habari ya ugonjwa haiwaudhi. Kunyamaza ndiko kuwaudhiko. Mwana wetu alikaribia kufa kwa kumhurumia mama yake.

Kijana huyo ni mzima sasa, naye amefika mwaka wa tatu. Kila Oktoba huenda kituo cha Mbezi usiku kuwapokea wale watokao kwetu. Kesho yake asubuhi, kabla hawajaenda chuoni, huwapeleka kwanza kwa miguu mpaka kile kituo cha afya, akawasimamisha mlangoni. Msichana mmoja tuliyemtuma mwaka jana alinieleza maneno awaambiayo pale. Husema, "Mimi nilidhani hiki ni cha wenyeji. Ninyi ni wenyeji tangu leo. Ingieni mkaulize saa za kazi." Nao huingia, mmoja mmoja, wakauliza.